Imeyeyuka kwenye maji, haikuwaka moto: je, shilajiti yangu ni salama?

"Habari za kazi, mfamasia. Mimi ni mwanamume wa miaka 47, nipo Tanga. Nina kisukari, nameza metformini mwaka wa sita sasa, na presha natumia amlodipini. Tangu mwaka jana nachoka ovyo, nikitoka kazini sina hamu ya kitu, na mambo ya chumbani nayo yamelegea. Mdogo wangu aliyeko Muscat kanitumia kichupa cha shilajiti cha gramu 30. Kimeandikwa imetoka Himalaya, ina madini 85, ni asili asilimia 100. Nimefanya vile vipimo vinavyoonyeshwa kwenye video: nimeiweka kwenye maji ya moto ikayeyuka yote, maji yakawa ya kahawia, nimeichoma kwa kiberiti haikuwaka, ilivimba tu ikatoa mapovu, kwenye friji ikawa ngumu, mkononi ikalainika. Kwa hiyo ni orijino. Naomba unielekeze nile kiasi gani, kama itanisaidia kweli, na kama mke wangu anayenyonyesha naye anaweza kutumia. Ikiisha, kuna duka hapa mjini wanauza vidonge vyake kwa bei chee. Ninunue?"

Ndugu yangu, asante kwa kueleza kwa kirefu. Wengi huniuliza "shilajiti ni nzuri?" na kuishia hapo; wewe umetaja umri, dawa unazomeza na hata ulichokifanya jikoni, kwa hiyo ninaweza kukujibu wewe hasa. Katika ujumbe wako naona maswali mawili yamefungwa kamba moja. La kwanza ni la kichupa: ni halisi, ni salama, huliwa kiasi gani. La pili ni la mwili wako, uchovu na hayo ya chumbani. Tangazo ndilo lililoyafunga pamoja, na mimi nitayafungua.

Majibu ya haraka nikupe kabla ya maelezo. Usianze kuitumia bado. Shemeji asiitumie kabisa. Vidonge vya bei chee viache vilipo.

Shilajiti ni ulimbo mweusi au wa kahawia unaotoka kwenye nyufa za miamba ya milima mirefu. Himalaya ndiyo inayotajwa zaidi, upande wa India na Nepal, lakini hupatikana pia Karakoram kaskazini mwa Pakistan, Kaukasi, Altai na milima mingine ya Asia ya Kati. Wapakistani huiita salajit na Warusi mumiyo, kwa hiyo ukikuta majina hayo kwenye lebo ujue ni kitu kilekile. Jua la kiangazi likipasha mwamba, ulimbo hulainika na kuchuruzika, na wakusanyaji hupanda kuukwangua. Wengi wa wanaochunguza asili yake wanaona ni mabaki ya mimea yaliyooza pole pole katikati ya mawe kwa muda mrefu sana; katika mimea inayotajwa wamo kuvumwani na aina moja ya Euphorbia, jamaa ya mnyaa huu wetu wa kuzungushia ua.

Kilichokwanguliwa mwambani hakiliwi hivyo hivyo. Waganga wa Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya India, wamelijua hilo tangu zamani, ndiyo maana wana hatua ya kuisafisha wanayoiita shodhana. Mawe yenye ulimbo hupondwa, huloekwa kwenye maji ya moto au kwenye maji yaliyochemshiwa trifala, yaani mchanganyiko wa matunda matatu yaliyokaushwa. Huachwa yatulie, huchujwa, kisha maji hukaushwa juani au motoni mpaka ibaki nta nzito inayonata. Shilajiti mbichi inaweza kuwa na mchanga, vipande vya mimea, ukungu na sumu zinazozalishwa na ukungu huo. Kwa hiyo ukimsikia muuzaji anajisifu kwamba yake ni "mbichi, haijaguswa na mkono wa kiwanda", hapo amekutajia kasoro akidhani ametaja sifa.

Sasa tuje kwenye vipimo vyako, maana hapo ndipo watu wengi wanapoponzwa.

Ulichopima ni tabia ya ulimbo: unayeyuka kwenye maji, hauwaki kwa urahisi, unakuwa mgumu kwenye baridi na laini kwenye joto. Tabia hizo shilajiti halisi inazo kweli. Tatizo la kwanza ni kwamba vitu vingine navyo vinazo. Molasi ya miwa iliyopikwa ikaungua nayo inayeyuka, inavimba na kutoa mapovu ukiichoma, inakuwa ngumu kwenye friji. Na ipo mbolea ya maji inayoitwa humati ya potasiamu, inayotengenezwa kutokana na aina ya makaa ya mawe laini. Ukiitia kwenye maji ya moto yanageuka kahawia iliyokolea, hakuna mashapo, na kwenye video ingepita vizuri tu. Mtu mwenye sufuria, molasi na humati kidogo anaweza kukutengenezea kichupa kitakachofaulu jikoni kwako.

Tatizo la pili ni kubwa kuliko hilo. Tuseme vipimo vimesema kweli na ulimbo umetoka Himalaya kabisa. Bado hujui kama ni salama. Mvuvi wa hapo kwenu anaweza kukuhakikishia kwamba huyu ni changu halali, lakini uchangu wake haukuambii kama amevuliwa kwenye maji yenye uchafu wa kiwanda. Risasi, yaani ile metali iliyokuwa ikitiwa kwenye rangi na petroli, haina rangi wala harufu ikishayeyuka, na haizuii kitu kuyeyuka wala kuganda. Aseniki, zebaki na kadimiamu vilevile. Hakuna kiberiti, friji wala glasi ya maji duniani inayoweza kukuonyesha risasi.

Na ulimbo huu una sababu ya kimaumbile ya kubeba metali hizo. Sehemu kubwa ya shilajiti iliyosafishwa, hutajwa asilimia 60 hadi 80, ni vitu vya jamii ya humiki, vilevile vinavyoupa udongo wa msituni weusi wake. Ndani ya jamii hiyo mna asidi ya fulviki, ambayo ndiyo inayopigiwa debe. Molekuli za fulviki zina ncha nyingi zinazonasa metali. Wauzaji wanasema "fulviki inabeba madini na kuyafikisha mwilini", na kuhusu kunasa wanasema kweli. Wasichosema ni kwamba ncha hizo hazichagui. Zinanasa chuma na zinki, na zinanasa risasi na kadimiamu pia. Mwamba ukiwa na risasi, ulimbo uliokaa nao vizazi na vizazi utakuwa nayo, na shodhana haitaitoa yote, kwa sababu chujio huzuia mchanga na si kile kilichokwisha kuyeyuka.

Ndiyo maana yale maandishi ya "madini 85" hunifanya nitabasamu kwa uchungu kidogo. Elementi zinazopatikana kiasili hapa duniani ni kama 94 tu, na zile zenye umbo lisilooza kwa mnururisho ni 80. Anayekuambia kichupa chake kina 85 lazima risasi, zebaki, aseniki na kadimiamu ziwemo kwenye hesabu, na hata hapo namba haijatimia. Itabidi aongeze na urani. Hakuna tafsiri ya namba hiyo inayompendezesha.

Hata tukiyachukua yale madini mazuri peke yake, tupige hesabu. Dozi ya kawaida kwa siku ni miligramu 250 hadi 500. Tuseme unakula 500, na tuseme sehemu ya tano yake ni madini ya kila aina kwa jumla: hizo ni miligramu 100. Mtu mzima anahitaji potasiamu isiyopungua miligramu 3,500 kwa siku, kalsiamu kama 1,000, magnesiamu kama 400. Ndizi mbivu moja ya wastani inakupa potasiamu kama miligramu 400, mara nne ya madini yote yaliyomo kwenye dozi yako. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao wanakupa kalsiamu ambayo kichupa hakiwezi kuifikia. Kama shilajiti ina faida yoyote, basi faida hiyo haiko kwenye madini; itakuwa kwenye ile fulviki na kemikali ndogo ndogo zinazoandamana nayo. Kwa hiyo anayeiuza kama "kirutubisho cha madini" anauza sehemu iliyo dhaifu kuliko zote.

Utaniuliza, je, hofu hii ya risasi ina ushahidi au ni maneno ya wafamasia? Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya bidhaa 70 za Ayurveda walizonunua kwenye maduka ya eneo lao: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakachapisha matokeo ya bidhaa 193 zilizouzwa kwenye intaneti, nyingine zikiwa zimetengenezwa India na nyingine Marekani kwenyewe, na takriban moja katika kila tano ikakutwa na metali hizo. Zile zilikuwa bidhaa za kila namna, si shilajiti peke yake, na nne kati ya tano zilikuwa hazina tatizo hilo. Siwezi kukuambia kichupa chako kina sumu. Ninachokuambia ni kwamba hatari hiyo ipo kiasi cha kutosha kumfanya mtu aombe karatasi kabla ya kuonja.

Risasi inafanya nini? Kwenye damu hukaa wiki kadhaa, lakini sehemu kubwa huhamia kwenye mifupa na kukaa huko miaka na miaka, kwa hiyo kiasi kidogo cha kila siku hujilimbikiza. Inapandisha presha. Inaharibu figo. Inapunguza damu. Inashusha wingi na ubora wa mbegu za kiume. Hebu soma orodha hiyo ukijifikiria wewe, mwenye kisukari na presha, unayetafuta nguvu! Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Kwa sababu hiyohiyo shemeji asiiguse. Risasi huingia kwenye maziwa ya mama, na ubongo wa mtoto mchanga ndio unaoumia zaidi. Hata bila hofu ya risasi, hakuna utafiti wa kuaminika wa shilajiti kwa wanawake wajawazito au wanaonyonyesha unaotuwezesha kumwambia mama aitumie. Kama naye analalamika uchovu, mama anayenyonyesha anayechoka apimwe damu kliniki. Mara nyingi ni upungufu wa chuma, na chuma kipo cha vidonge, kinajulikana kina miligramu ngapi. Kichupa kiwekwe juu, mtoto anayetambaa asikifikie.

Sasa swali la haki: inasaidia? Sitakuambia ni uongo mtupu, maana si kweli. Vitabu vya kale vya Ayurveda viliisifia kupita kiasi, vikaigawa katika aina nne kwa metali ya mwamba ilikotoka: dhahabu, fedha, shaba na chuma. Tukija kwenye majaribio ya zama zetu, mwaka 2010 huko India wanaume wenye mbegu chache walipewa miligramu 100 za shilajiti iliyosafishwa mara mbili kwa siku kwa siku 90. Waliomaliza walikuwa 28, na mbegu zao ziliongezeka. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha lililomeza kidonge kitupu, kwa hiyo huwezi kujua ni kiasi gani kilitokana na dawa. Mwaka 2016 likaja lililo bora zaidi: wanaume wenye afya wa miaka 45 hadi 55, miligramu 250 mara mbili kwa siku, siku 90, na kundi la kulinganisha likiwepo. Homoni ya testosteroni ilipanda kama asilimia 20 kwa waliopewa shilajiti. Mwaka 2022 wanawake 60 waliokoma hedhi na ambao mifupa yao imeanza kupungua uzito walifuatiliwa wiki 48, na mifupa ya waliotumia ilipungua polepole kuliko ya wasiotumia. Kuna jingine la vijana wa mazoezi, lenye matokeo ya wastani tu.

Hayo yanavutia, sitakataa. Ila yaangalie vizuri. Watu ni wachache. Iliyotumika ni shilajiti iliyosafishwa na kupimwa kiwandani kwa kiwango kimoja, mara nyingi ikitolewa na mtengenezaji mwenyewe, wala si ulimbo wa kichupa chochote. Na wale wa 2016 walikuwa watu wenye afya. Wewe una kisukari na presha, na katika majaribio haya niliyokutajia hakuna lililofanywa kwa mtu wa hali yako. Tena, testosteroni kupanda asilimia 20 kwa mtu ambaye testosteroni yake haikuwa na kasoro hakumaanishi uume utasimama vizuri zaidi. Kwa mwenye kisukari, tatizo hilo mara nyingi liko kwenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu.

Hapa ndipo ninapokuomba tuwekane sawa kuhusu mwili wako, na nitasema bila kuzungusha.

Uume husimama kwa damu kujaa. Mishipa inayopeleka damu huko ni myembamba kuliko ile ya moyo, kwa hiyo sukari na presha zikianza kuiziba mishipa, dalili huonekana chumbani kwanza, mara nyingi miaka miwili mpaka mitano kabla ya moyo kuanza kulalamika. Mwanamume wa miaka 47 mwenye kisukari na presha aliyelegea tangu mwaka jana anahitaji kuangaliwa moyo na mishipa yake. Akimeza ulimbo akasubiri siku 90, siku 90 zimepotea. Ukihisi kifua kubana ukipanda ngazi au ukibeba mzigo, usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo.

Uchovu nao una mshukiwa wa karibu ambaye sijaona tangazo lolote likimtaja. Metformini ikitumika kwa miaka hupunguza ufyonzaji wa vitamini B12. Wewe una mwaka wa sita. B12 ikipungua mtu anachoka, anapauka, miguu inamfa ganzi au kumchomachoma, na watu husema "ni kisukari hicho" wakaishia hapo. Kipimo chake ni cha damu, tiba yake ni sindano au vidonge vya B12, na gharama yake ni ndogo. Usiache metformini kwa kunisoma mimi. Nenda ukapimwe ukiwa unaendelea nayo.

Kwa hiyo nenda kliniki yako ya kisukari na uombe haya: kile kipimo cha sukari cha wastani wa miezi mitatu, wingi wa damu, B12, figo pamoja na protini kwenye mkojo, mafuta ya damu, homoni za tezi ya shingo, na testosteroni. Hiyo ya mwisho ichukuliwe asubuhi, kati ya saa moja na saa nne, kwa sababu hushuka kadiri siku inavyosonga, na ukipimwa jioni unaweza kuambiwa huna wakati unayo. Mwambie daktari la chumbani kwa maneno ya kawaida. Mwambie kama unapata usingizi, kama unakoroma, kama una mawazo. Dawa zilizothibitishwa zipo, na kwa mtu asiyetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti huwa ni salama zikiandikwa na daktari.

Turudi kwenye kichupa, maana najua hutakitupa kwa kuwa mimi nimeandika aya hizi. Kigeuze utafute namba ya toleo, ile inayoandikwa "Batch" au "Lot". Kama haina, habari imeishia hapo. Kama ipo, ipige picha umtumie mdogo wako arudi dukani aombe ripoti ya maabara ya toleo hilo. Isiwe cheti cha kampuni kwa ujumla, na isiwe bango lenye mihuri ya dhahabu. Ripoti ya kweli inaonekana ya kuchosha: ina jina na anwani ya maabara isiyo ya muuzaji, namba ya ithibati ya maabara ya ISO 17025, tarehe, namba ya toleo inayofanana na ya kichupa chako, na jedwali la risasi, kadimiamu, aseniki na zebaki kila moja na namba yake. Kilichoandikwa "imepita" bila namba hakijakuambia kitu. Mdogo wako aipigie maabara hiyo au aiandikie, aulize kama ripoti ni yao. Ripoti feki za picha zimejaa, na nyingi zinaangukia swali hilo moja.

Namba hizo huwa kwa ppm, yaani sehemu ngapi katika milioni, na kuzisoma ni rahisi: zidisha ppm kwa gramu unazokula kwa siku, unapata mikrogramu. Kiwango cha juu cha India kwa dawa za mitishamba ni risasi 10 ppm, aseniki 3, zebaki 1 na kadimiamu 0.3. Ukila nusu gramu ya shilajiti yenye risasi 10 ppm umeingiza mikrogramu 5, ambacho ndicho kikomo cha siku katika baadhi ya viwango vikali vya virutubisho Marekani. Jimbo la California lenyewe hulazimisha onyo kuanzia mikrogramu 0.5. Kwa hiyo bidhaa inaweza kuwa halali India na mimi bado nisikushauri. Kwa mtu anayetumia kila siku, ningependa kuona risasi chini ya 1 ppm. Na ukichota kijiko kidogo cha chai badala ya punje, zidisha tena mara kadhaa.

Asilimia ya fulviki isikutie wazimu. Wengine wanaandika 80 na zaidi. Njia rahisi za maabara huhesabu kama fulviki hata vitu visivyo fulviki, kwa hiyo namba kubwa mara nyingi inaeleza kipimo kilichotumika kuliko ubora wa kilichomo.

Kuna maneno mengine ya kuyaangalia kwenye lebo, na haya ningependa uyakumbuke hata ukisahau mengine. Ayurveda ina tawi linalotumia metali kwa makusudi, zikiwa zimechomwa mpaka zikawa majivu laini yanayoitwa bhasma. "Lauha bhasma" ni chuma. "Naga bhasma" ni risasi. "Makaradhwaja" na "rasa sindura" zimetengenezwa kwa zebaki. Baadhi ya vidonge vinavyouzwa kwa jina la shilajiti vimechanganywa na hivi, hasa vile vya "dhahabu" na vya nguvu za kiume. Zile bidhaa 193 za 2008 zilionyesha kwamba za tawi hili ndizo zilizokuwa na metali mara nyingi zaidi. Ukiliona neno lolote katika hayo, weka chini.

Tuseme sasa ripoti imekuja na ni safi, umeshapimwa, daktari wako anajua, na bado unataka kujaribu. Sitakugombeza. Anza na miligramu 250 mara moja kwa siku baada ya chai ya asubuhi. Hicho ni kiasi kidogo sana, kidogo kuliko punje ya njegere. Vimizani vidogo vya kupimia viungo vitakusaidia kuliko macho. Kichupa cha gramu 30 kwa kiasi hicho kinatosha siku 120. Kama kimekwisha ndani ya mwezi, ujue umekuwa ukila gramu nzima kwa siku, mara mbili ya dozi ya juu ya kawaida niliyokutajia. Dawa zako zingine ziachanishe nayo kwa saa mbili hivi, kwa vile inanasa vitu. Pima sukari mara nyingi zaidi wiki mbili za mwanzo, kwani kwa wanyama wa maabara imeonekana kushusha sukari. Ukitetemeka, ukitoka jasho jembamba, kula kitu chenye sukari na uiache. Usichanganye na kirutubisho kingine kipya. Siku 90 zikifika simama, kwa sababu huko mbele hatuna data nyingi za kutuongoza.

Wapo ambao nisingewaruhusu hata kwa ripoti safi. Mwenye figo dhaifu. Mwenye chuma kingi mwilini, pamoja na mwenye selimundu ambaye ameongezewa damu mara nyingi, maana shilajiti ina chuma na huyo tayari kimemzidi. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto. Kama ulishawahi kuitumia kwa miezi na ukaanza kuumwa tumbo la kubana, kufunga choo, ganzi za mikono, kupungukiwa damu bila sababu, mwambie daktari neno "risasi" kwa mdomo wako, kwa kuwa yeye hatalifikiria mwenyewe. Kipimo cha risasi kwenye damu hakipo kila hospitali, lakini hospitali kubwa inaweza kukuelekeza, na kwa Tanzania Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayoshughulika na uchunguzi wa aina hii.

Kuhusu vile vidonge vya dukani. Kidonge ni rahisi kuchakachua kuliko ulimbo, kwa sababu hakinati, hakina ladha, na unga wowote mweusi unatosha. Muulize mwenye duka kama bidhaa imesajiliwa. Kwa Bara utathibitisha kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kwa virutubisho vinavyohesabiwa chakula TBS, shirika la viwango, ambalo lilikabidhiwa eneo hilo mwaka 2019. Waganga wenyewe wanasimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Msomaji wa Kenya aulize Bodi ya Dawa na Sumu.

Lakini kuna hatari nyingine kwa vidonge hivi, na ndiyo inayonifanya nikatae kabisa. Bidhaa za "nguvu" zinazofanya kazi ndani ya saa moja, ziitwe shilajiti, ziitwe vumbi la Kongo, mara nyingi zikipimwa hukutwa zimetiwa sildenafili kimyakimya, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, bila kipimo kinachojulikana. Shilajiti ya kweli haina uwezo wa kufanya kitu ndani ya saa moja. Kwa hiyo ukikimeza ukaona mambo yamesimama jioni ileile, hiyo si sifa ya Himalaya. Ukipata maumivu ya kifua baada ya kumeza, au uume ukasimama zaidi ya saa nne bila kulala, kimbia hospitali hata kama ni usiku wa manane, na mwambie daktari wa zamu ulichokimeza na saa uliyokimeza, aibu uiache mlangoni. Akijua, hatakuwekea naitreti chini ya ulimi, kwa sababu hiyo pamoja na sildenafili inaweza kushusha presha yako mpaka usiamke.